Mumunye Huharibikia Ukubwani: Namna ya Kula, Kuanika na Kutunza Maboga Yanapozidi

Ukipita Nambambo, huku Nachingwea, mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, utaona maboga barazani, maboga chini ya mwembe, maboga mlangoni pa jiko yakisubiri mtu wa kuyapasua. Mgeni akiaga anabebeshwa moja. Ukimpelekea jirani anacheka, kwa sababu na yeye alikuwa njiani kukuletea la kwake. Sokoni hayana bei, maana muuzaji na mnunuzi wote wametoka shambani asubuhi hiyo hiyo. Fika tena Agosti: jua limekausha kila kitu, mboga ya majani inauzwa kifungu kidogo kwa bei kubwa, na yale maboga ya Machi yalishaoza na kutupwa jaani.

Mwongozo huu ni wa kuivusha Machi ifike Agosti. Utakusaidia uwe Nachingwea, Ruangwa au kwingine kokote kusini kwenye msimu mmoja wa mvua. Humu nitasema mumunye nikiwa na maana ya tunda changa, laini, linalopikwa na ganda lake. Hotelini na kwenye maduka makubwa ya mjini ndugu yake wa kigeni huitwa zukini, na hupikwa vilevile. Boga ni lile lililokomaa, lenye ganda gumu na nyama ya rangi ya chungwa.

Kwa nini yanazidi

Sababu ya kwanza unaijua. Mvua zetu ni za mkupuo mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Watu wote hupanda wiki zilezile, maboga yakitambaa chini ya mahindi, na wote huvuna wiki zilezile.

Sababu ya pili ni kosa letu wenyewe: tunangoja yawe makubwa. Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani. Walikuwa wanazungumzia watoto, lakini hata shambani ni kweli tupu. Mche ukichumwa tunda dogo hutoa jingine. Ukiachiwa tunda likakomaa, nguvu yote huingia kwenye mbegu za hilo moja na uzaaji hupungua. Msimu mmoja nililisahau mumunye chini ya majani wiki mbili tu. Nililikuta limekuwa kama mtungi, nikaona uchungu kulitupa. Nililipika kwa karibu saa mbili. Watoto walikula mchuzi, wakapanga mbegu pembeni mwa sahani kama kucha zilizokatwa.

Kwa hiyo kazi ya kupunguza maboga huanzia shambani. Pita kila baada ya siku mbili, funua majani, chuma mamumunye yakiwa na urefu wa kiganja hadi mkono wa mtoto. Chagua mapema ni mashina gani utayaacha yakomaze maboga ya kutunza, na mashina gani ni ya kuchuma changa.

Panga kwanza, ndipo upike

Watu wengi wakiona mzigo wa maboga huanza na lililo kubwa, maana ndilo linalowatisha. Ni kinyume. Kubwa lenye ganda gumu linaweza kungoja, dogo haliwezi. Kabla hujawasha moto, tenga mavuno yako hivi:

KISANDUKU: KIPI KINASUBIRI, KIPI HAKISUBIRI

- Maua: siku hiyohiyo, tena asubuhi.
- Majani: leo, au kesho ukiyafunika kwa kitambaa kibichi kivulini.
- Mumunye changa: siku 3 hadi 5 mahali penye ubaridi.
- Boga lililokwisha kupasuliwa: leo au kesho, kama huna jokofu.
- Boga lenye jeraha, tundu la mdudu au lisilo na kikonyo: wiki hii.
- Boga zima lililokomaa: miezi 2 au 3, mara nyingine zaidi.
- Mbegu zilizokauka vizuri: mpaka msimu ujao.

Kula kwa kufuata orodha hii kutoka juu kwenda chini. Ukishaizoea, hutahitaji kusoma sehemu iliyobaki kwa mpangilio. Ruka mpaka kwenye kile ulichonacho.

Onja kabla ya kupika

Hii naiweka mbele ya mapishi yote, na ninaomba usiiruke.

Mamumunye, maboga na matango ni ukoo mmoja, na ukoo huu una sumu yake ya asili, ile inayoleta ladha chungu sana. Aina tunazokula zimechaguliwa kizazi hadi kizazi mpaka uchungu ukaisha, lakini mara mojamoja hurudi. Moto hauiondoi sumu hiyo, wala chumvi, wala tui. Mwaka 2015 huko Heidenheim, Ujerumani, mzee wa miaka 79 alifariki dunia baada ya kula mchuzi wa zukini chungu zilizolimwa bustanini.

Kwetu hatari hujificha kwenye vibuyu. Mumunye la asili na kibuyu cha kutekea maji ni mmea wa aina moja, na vibuyu vingi ni vichungu. Vikipandwa jirani, wadudu huchanganya chavua. Tunda la mwaka huu halibadiliki ladha, lakini mbegu zake ukizipanda mwakani zinaweza kukutolea mumunye chungu lenye sura nzuri kabisa.

1. Kata kipande kidogo kama ukucha upande wa kikonyo.
2. Kiguse kwa ulimi, kitafune kidogo, kisha kiteme.
3. Kikiwa na ladha ya maji au utamu wa mbali, endelea kupika.
4. Kikiwa chungu, suuza kinywa, tupa tunda zima kwenye shimo la mbolea. Usimpe mbuzi, usiweke mbegu.
5. Aliyekwisha kula chungu akatapika au kuharisha apelekwe zahanati, na mueleze mhudumu alikula nini.

Mzee au mgonjwa aliyepoteza ladha asiachiwe kazi hii ya kuonja.

Mumunye la tui la korosho

Huku juu minazi si mingi kama Lindi mjini au Mtwara, na nazi ikifika imekwisha kupanda bei. Korosho tunazo. Nashangaa mtu anayeuza gunia la korosho kisha anakopa nazi dukani. Korosho zilizovunjika wakati wa kubangua, zile zisizopata bei nzuri, ndizo hasa za kutolea tui.

Mahitaji ya watu watano: mamumunye changa matatu, korosho mbichi zilizobanguliwa viganja viwili, kitunguu kimoja, nyanya mbili, pilipili moja, chumvi, limau nusu, mafuta kijiko kimoja.

1. Loweka korosho kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja. Zikilainika, zitwange kinuni au zisage mpaka ziwe rojo.
2. Ongeza maji kikombe kimoja na nusu, koroga, chuja. Hilo ndilo tui. Machicha yake usitupe. Yatakuja kwenye bajia.
3. Onja mamumunye. Yaoshe, yakate vipande vya unene wa kidole bila kumenya. Ganda ambalo ukucha unapenya halina haja ya kumenywa.
4. Nyunyizia chumvi, acha dakika 15 kwenye chujio. Yatatoa maji. Yamwage.
5. Kaanga kitunguu, weka nyanya, funika ziive. Tia mumunye na pilipili, funika tena. Usiongeze maji. Zaidi ya sehemu 90 kwa 100 za mumunye ni maji. Ukiongeza mengine unapika supu ya wagonjwa.
6. Likianza kulainika, punguza moto, mimina tui la korosho, koroga mfululizo. Tui hili huwa zito ghafla na hushika chini kuliko la nazi. Dakika tano zinatosha.
7. Epua, kamulia limau.

Kula na ugali wa muhogo au wa mtama. Wali pia unakubali.

*Angalizo:* tumia korosho iliyobanguliwa tu. Ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi na midomo. Usiruhusu watoto wavunje korosho mbichi kwa meno ili kukusaidia.

Bajia za mumunye

Hili ndilo pishi linalomaliza mamumunye bila mtu kulalamika, na ni la kumaliza yale yaliyopita umri kidogo, yenye ganda lililoanza kukaza.

1. Lipasue, toa mbegu na utando. Menya kama ganda limekaza.
2. Kwaruza kwa kikwaruzio kile cha karoti. Tia chumvi kijiko cha chai, acha dakika 10.
3. Weka kwenye kitambaa safi, kamua kwa nguvu zako zote. Kisha kamua tena. Bajia zinazosambaratika kwenye mafuta zilikamuliwa mara moja.
4. Kwa vikombe viwili vya mumunye lililokamuliwa, changanya kikombe kimoja cha unga wa dengu, au rojo nzito ya kunde zilizolowekwa, kumenywa na kutwangwa. Ongeza machicha ya korosho kama unayo, kitunguu, pilipili, kitunguu saumu.
5. Pika mara moja, usiache mchanganyiko ukae. Mumunye huendelea kutoa maji. Chota kwa kijiko, kaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani mpaka ziwe za kahawia.

Maji uliyokamua yana chumvi na ladha. Pikia ugali.

Majani na maua

Ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hii huimbwa sana harusini, ndugu wa bwana wakikumbushwa kuwapokea wakwe, lakini ni wachache wanaokula hilo ua kweli.

Maua ya boga ni ya namna mbili. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Ua dume lina kijiti kirefu chembamba tu. Chuma madume, kwenye saa tatu au nne asubuhi, nyuki wakishamaliza kazi yao. Acha machache kila siku ili majike yapate chavua. Yafungue, kung'uta wadudu, toa kile kidole cha katikati chenye unga wa njano. Katakata, changanya na majani unayopika, au chovya kwenye rojo ya bajia na kukaanga mazima.

Majani, chuma machanga matatu au manne ya nchani, si yote kwenye shina moja. Utaratibu wake:

1. Vunja kikonyo cha jani upande wa chini, vuta nyuzi zitoke mpaka kwenye mishipa. Mtu akikwambia mboga ya maboga inakereketa koo, ujue hakutoa nyuzi.
2. Osha kwanza, katakata baadaye. Ukikata kabla ya kuosha, maji yanaondoka na virutubisho.
3. Chemsha maji kidogo sana, weka majani, geuza, funika dakika 5 hadi 7.
4. Unga kwa karanga zilizosagwa viganja viwili, au ufuta uliokaangwa kidogo na kutwangwa. Moto mdogo, dakika 10, ukikoroga.

Kuhusu karanga, neno moja. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu tatu za ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, pamoja na Kongwa na Urambo. Ulianza 1947 ukafutwa 1951, matrekta yakiwa yameshindwa. Karanga zenyewe zingali zinalimwa hapa kwa jembe la mkono. Lakini chambua vizuri kabla ya kusaga: zenye ukungu, zilizosinyaa, zenye rangi ya kijani au nyeusi, tupa. Hizo ndizo hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Na usimpe kuku hizo mbovu, maana nao huumia.

Boga lililokomaa

Kulipasua ndiyo kazi inayokata watu vidole. Boga gumu huuma kisu katikati, mtu anasukuma, kisu kinateleza. Fanya hivi: tandika salfeti chini, liweke boga likiwa limetulia upande wake bapa, chomeka ncha ya panga karibu na kikonyo, kisha gonga mgongo wa panga kwa mchi. Mkono mwingine uwe mbali na njia ya panga. Bibi yangu hakuwa na haja ya panga: alilinyanyua akalidondosha kwenye salfeti, likapasuka lenyewe, basi.

Likishapasuka, komba mbegu na kuziweka pembeni. Usitenganishe nyama na ganda kwa futari. Ganda ndilo linaloshika kipande kisivurugike.

*Futari ya boga.* Miaka hii Ramadhani imeangukia kwenye msimu wenyewe. Mwaka 2025 ilikuwa Machi, boga likiwa bure. Panga vipande sufuriani ganda likiwa chini. Mimina tui jepesi lifike nusu ya vipande, usizamishe. Chumvi kidogo, iliki tatu zilizopondwa. Funika, moto wa wastani, dakika 20 hivi. Uma ukipenya, mimina tui zito na sukari kidogo, acha bila kufunika mpaka tui lishike. Onja boga kabla ya kutia sukari. Mengine ni matamu yenyewe, na sukari unayoimwaga humo ni hela.

*Uji wa mtoto.* Rangi ya chungwa ya boga ndiyo dalili ya kile ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto, na huingia mwilini vizuri ikiwa na mafuta kidogo. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita: chemsha kipande cha boga kama kiganja, kiponde kilainike, pika uji mzito wa mtama au mahindi, changanya boga na kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini kabisa, chemsha pamoja dakika tano. Huhitaji sukari. Ukianza karanga kwa mara ya kwanza, mpe kidogo na umwangalie.

*Maandazi ya boga.* Kwa anayefanya biashara ya vitafunwa asubuhi, hapa pana faida iliyolala. Boga moja la bure linachukua nafasi ya maji na sehemu kubwa ya sukari, na andazi lake hubaki laini mpaka kesho yake.

1. Pika boga kwa mvuke au maji kidogo sana, menya, ponda mpaka lisiwe na vidonge. Acha lipoe kabisa. La moto huua hamira.
2. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tia hamira kijiko kimoja cha chakula, sukari robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki, mafuta vijiko vitatu.
3. Ongeza vikombe viwili vya boga, kanda. Kanda dakika tano kamili ndipo uamue kama unahitaji maji. Mara nyingi hutayahitaji, au ni vijiko vichache tu.
4. Funika, acha uumuke hadi ujae mara mbili. Sukuma, kata, acha dakika 15, kaanga.

Kwa chapati ni hivyohivyo, bila hamira.

Kuhusu jamu, nitakukatisha tamaa kidogo. Jamu ya boga ni tamu: kilo 1 ya boga, sukari nusu kilo, tangawizi, maji ya malimau mawili, unapika mpaka inashika mwiko. Ila ipike ya wiki moja na uiweke kwenye jokofu. Boga halina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria hatari wanaokua ndani ya chupa iliyozibwa bila hewa, na sumu yao haina harufu wala rangi. Usijaze chupa ukazipanga kabatini hadi Krismasi.

Kuyatunza mazima

Haya ndiyo maboga ya Agosti. Kazi ni ndogo, uangalifu ndio mkubwa.

1. Subiri likomae: ukucha haupenyi ganda, kikonyo kimekauka na kuwa kama mti, ukiligonga linalia kama ngoma.
2. Kata kwa kisu, uache kikonyo cha urefu wa kidole. Usilivute, wala usilibebe kwa kikonyo. Kikichomoka, huachia tundu la kuingilia uozo. Boga hilo ni la wiki hii.
3. Usilioshe. Futa udongo kwa kitambaa kikavu.
4. Lianike juani siku 7 hadi 10, ukiligeuza, ukiliingiza ndani jioni na mvua ikitishia. Ganda huzidi kukaza na mikwaruzo midogo hupona.
5. Panga juu ya kichanja au magogo, ndani ya chumba kikavu chenye hewa, yasigusane, yasipandane. Sakafu ya udongo huyaozesha kwa chini, na hutajua mpaka uliinue.
6. Kila Ijumaa, au siku nyingine utakayoichagua, yapitie yote kwa mkono. Lenye doa laini lipike siku hiyo.

Kuanika

Mumunye na majani hayatunziki mabichi, lakini makavu yanafika mbali. Tatizo ni kwamba yanazidi wakati wa mvua. Ukianika Machi, unalima ukungu. Kama huna pa kukaushia isipokuwa juani, kula mamumunye ya Machi, na ya mwisho mwisho, ya Mei, ndiyo uyaanike. Kukiwa na uchaga juu ya mafiga unaweza kuanza mapema, ila yatapata harufu ya moshi. Mimi naipenda.

1. Kata vipande vyembamba, nusu sentimita. Vyote vilingane, vinginevyo vingine vitakauka na vingine kuoza.
2. Vichovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika 2 au 3, toa, chuja. Majani pia, dakika 2. Hatua hii hulinda rangi na kuua vijidudu.
3. Tandaza kwenye ungo au mkeka safi ulioinuliwa kutoka chini. Kivuli chenye upepo ni bora kuliko jua kali, hasa kwa majani. Jua kali huunguza vitamini.
4. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi. Usitumie chandarua cha mbu chenye dawa, hata kiwe cha zamani.
5. Ingiza ndani kila jioni. Siku 2 hadi 4, kutegemea hewa.
6. Kipande kikikunjwa kiwe kama ngozi bila kutoa unyevu, jani likivunjika mkononi, tayari. Yapoe, weka kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana.

Angalizo la kwetu hasa: kuanzia Juni, korosho hupulizwa salfa na viuatilifu vya ubwiriunga. Vumbi lile haliangalii mpaka wa shamba. Maliza kuanika kabla, au uanike mbali na mikorosho inayopulizwa.

Kupika: loweka nusu saa, mwaga maji, unga kwa karanga au korosho kama mabichi.

Mbegu

Usioshe kwa sabuni. Zifikiche kwenye maji mpaka utando utoke, anika siku mbili. Za kutafuna: nyunyizia maji ya chumvi, kaanga kwenye kikaango kikavu mpaka zianze kuruka. Za kuungia mboga: kaanga kidogo, menya au usimenye, twanga, chekecha, kijiko kimoja cha unga huo hukaza mchuzi wa majani kama karanga. Za kupanda: chagua kutoka kwenye boga bora, tamu, lililotunzika muda mrefu zaidi, hizo usizikaange hata moja. Na mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi haziliwi kamwe, hata ukiziosha mara ngapi.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kupasua boga kubwa la kilo nane kwa ajili ya watu watatu, nusu likaishia kwa nguruwe wa jirani. Pasua pamoja na jirani, mgawane. Wiki ijayo mnapasua la kwake. Kosa jingine ni kumwaga maji sufuriani kwa mazoea. Na kuna wale wanaokuwa wakarimu kwa maboga mabovu: wanampa mgeni lenye doa na kujibakizia zima. Fanya kinyume. Mgeni atalala njiani nalo. Wewe lenye doa utalipika jioni hii.

Orodha ya kubandika jikoni

☐ Nimepita shambani ndani ya siku mbili zilizopita
☐ Nimeonja kila tunda kabla ya kupika
☐ Yenye majeraha yametengwa na yatapikwa kwanza
☐ Mbegu zimetolewa, hazikutupwa
☐ Karanga na korosho zimechambuliwa
☐ Mazima yana vikonyo, yako juu ya kichanja, hayagusani
☐ Nimeandika kwa mkaa, kwenye ganda, tarehe ya kuvuna

Hiyo ya mwisho usiidharau. La mwisho kwangu mwaka jana lilikuwa limeandikwa Mei. Tulilipasua wiki ya kwanza ya Septemba, tukalipika na mbaazi mpya, na kikonyo chake kilikuwa bado kimeshika.